Msanii wa Milimani Asigeuzwe Manamba wa Sauti

(Mazungumzo kwa walimu na maofisa wa utamaduni)



Neno "andagraundi" limekwisha kuingia katika Kiswahili cha vijana, na kama ilivyo kawaida ya maneno ya kuazima, limefika na maana yake likapewa nyingine. Huko Marekani lilikotoka, aghalabu humtaja msanii aliyejitenga kwa hiari yake na makampuni makubwa ya muziki. Katika Tanzania, andagraundi ni yule ambaye bado "hajatoka": wimbo wake haujapigwa redioni, wala jina lake halijavuka mpaka wa kata. Hilo neno "kutoka" ndilo linalostahili kuchunguzwa. Kwa kijana wa Heru Juu, katika milima ya Kasulu, lina maana mbili zilizoshikamana. Kutoka ni kujulikana, na kutoka ni kupanda basi na kwenda Dar es Salaam.

Buha inaifahamu safari hiyo tangu zamani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika la kuandikisha vibarua, SILABU, na nchi ya Waha ikawa mojawapo ya visima vyake vikubwa. Wanaume kwa maelfu walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa kuwa kibarua alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Nguvu za Buha zilizalisha mali ya pwani, na Buha yenyewe ikaachwa kuwa ghala la watu. Hapana budi kujiuliza kama jambo hilo halirudiwi leo katika muziki, kwa namna ya upole zaidi.

Heru Juu si mahali pasipo na historia ya sanaa. Palikuwa makao ya Mwami wa Heru, na ndipo alipotawala Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache sana walioshika madaraka ya namna hiyo katika Tanganyika. Katika tawala za nchi za Maziwa Makuu ngoma ilikuwa alama ya mamlaka, na mjuzi wa maneno alikuwa na nafasi yake barazani. Mwaka 1963 madaraka ya watemi yalifutwa kisheria, na hakuna sababu ya kuyalilia. Lakini baraza lilipoondoka, msanii wa milimani alipoteza mahali pa kusikilizwa, na si rahisi kuonyesha ni ofisi gani iliyoichukua kazi hiyo. Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na ngoma za makabila zikapata heshima mpya. Hata hivyo Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilichofuata kilikaa Dar es Salaam. Sanaa ya mikoani ilikwenda mjini kuonyeshwa; mji haukwenda mikoani kuijenga.

Wapo watumishi wa umma, na walimu wamo, wanaosema kwamba hip hop si utamaduni bali ni kasumba ya kuiga. Hoja hiyo ni ya siku nyingi. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa sababu hizo hizo. Vijana waliokuwa wakiucheza sasa ni wazee, na Taifa halikuharibika kwa ajili ya suruali zao pana. Tena, gitaa la umeme halikuchongwa Ujiji, lakini bendi za dansi zililifanya likaongea Kiswahili mpaka likahesabiwa kuwa mali ya nchi.

Rap nayo imefuata njia hiyo. Mwaka 1991 Saleh Jabir alitoa kanda ya rap kwa Kiswahili akitumia midundo ya Wamarekani. Baadaye walikuja Kwanza Unit, kisha Mr II, kisha Hard Blasters. Radio One ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, ukiritimba wa Redio Tanzania ulikwisha na vijana wakapata mlango. Waliobadilisha mambo zaidi, ingawa husahauliwa, ni watayarishaji: Bonny Luv, Master J, P-Funk. Hao ndio walioufanya mdundo wenyewe uwe wa hapa, hata haikuwa lazima tena kuimba juu ya sahani ya mgeni.

Mwalimu wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kusikiliza. Katika miaka ya 1970, hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, wataalamu waligombana kuhusu shairi lisilo na vina wala mizani kama ni shairi. Wakati walimu wangali wakifundisha mgogoro huo darasani, kijana wa nyuma ya darasa anaandika katika daftari lake vina vya mwisho, vya kati, na vingine ambavyo vitabu havijavipa jina. Mizani yake haihesabiwi kwa vidole bali kwa pigo la ngoma. Aghalabu daftari hilo hunyang'anywa.

Yafaa kueleza jinsi kazi inavyofanyika katika mji mdogo, maana wanaoamua mambo ya wasanii si wote waliowahi kuingia studio. Chumba ni kimoja. Ukutani hutundikwa magodoro au mablanketi ili sauti isirudi. Kuna kompyuta, kipaza sauti kimoja, spika mbili, na programu ya kutengenezea midundo, mara nyingi FL Studio. Mtayarishaji hupanga kwanza mdundo. Msanii huja na mashairi, hurekodi ubeti kwa ubeti, kisha sauti husafishwa na kuchanganywa. Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa usiku mmoja ikiwa umeme haukukatika. Kwa miaka mingi miji ya Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, na mgao ulijulikana kuliko ratiba ya shule. Ni mwaka 2022 tu ndipo mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Kwa mtayarishaji wa Kasulu au Kibondo, nguzo hizo za umeme zina maana kubwa kuliko semina kumi za kukuza vipaji.

Wimbo ukiisha, husambaa. Kwanza ulisambaa kwa kanda, halafu kwa sidii, halafu katika vibanda vya kujazia nyimbo kwenye memori kadi, ambako mwenye kibanda hulipwa na msanii hupata sifa tu. Siku hizi hutumwa kwa simu. Kiha na Kirundi husikilizana, kwa hiyo wimbo wa Buha unaweza kuvuka mpaka bila hati ya kusafiria, na wa Burundi ukaja. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, imekusanya Wakongo na Warundi wenye muziki wao, na sauti haizuiliwi na uzio.

Tatizo haliko kwenye kipaji, basi, wala hata kwenye kusambaa. Tatizo ni kwamba hakuna karatasi. Kijana humlipa mtayarishaji fedha kidogo, au hamlipi, wakaagana kwa kushikana mikono. Haijulikani mdundo ni wa nani. Baada ya miaka miwili mtayarishaji anauza mdundo ule ule kwa mwingine, au msanii anahamia Dar es Salaam na kurekodi upya wimbo bila kumtaja aliyeutengeneza. Hakuna aliyekusudia kuiba, lakini mmoja amebaki bila kitu, na mara nyingi ni yule aliyebaki mlimani.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi, inamlinda anayeimba, na inamlinda mtayarishaji wa rekodi. Januari 2022 COSOTA iligawa shilingi milioni 312 za mirabaha kwa nyimbo zilizopigwa katika vyombo vya utangazaji, na wasanii zaidi ya elfu moja walipata mgawo. Fedha hizo hazikuwa nyingi kwa kila mmoja. Lakini zilionyesha kwamba wimbo unaweza kumlipa mwenyewe akiwa amelala, mradi jina lake limeandikwa mahali. Ambaye hajaandikwa hana mgawo, hata kama wimbo wake unaimbwa na stendi nzima ya Kasulu.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wengi wao wakiwa wamekwisha kujipatia majina Dar es Salaam, walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars na kuimba "Leka Dutigite". Jina la Kiha likawa katika vinywa vya watu wasiojua hata neno moja la Kiha. Ilikuwa fahari ya haki, ila ilikuwa fahari ya waliokwisha kuondoka. X Plastaz wa Arusha walikuwa wameonyesha njia nyingine kwa kuingiza uimbaji wa Kimaasai katika hip hop, na Wagosi wa Kaya wa Tanga kwa kuimba habari za kwao kwa lafudhi ya kwao. Hao walitoka bila kulificha kwao, na nchi nzima ikawasikiliza.

Yanayotakiwa kwa ofisi za wilaya si makubwa. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana, na utaratibu huo ulirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Pikipiki hukubaliwa kwa urahisi kuwa chombo cha kazi. Kompyuta na kipaza sauti navyo ni vyombo vya kazi, na kikundi chenye studio kinazalisha kama kikundi chenye kuku, tena bila kuogopa kideri. Shule nayo yaweza kumrudishia mwanafunzi daftari lake baada ya kipindi, na pengine kulisoma kwanza.

Na Ofisa Utamaduni, badala ya kukutana na kijana siku ya kumuuliza kibali tu, anaweza kuwa na fomu ya ukurasa mmoja: jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetengeneza mdundo, aliyeimba, tarehe, mgawanyo wa mapato waliokubaliana, sahihi zao na za mashahidi wawili. Nakala moja ibaki kwa msanii, moja studio, moja katika jalada la wilaya. Mtu wa Heru Juu akienda Dar es Salaam na karatasi hiyo mfukoni, atakuwa amekwenda kwa jina lake, na jina la aliyemtengenezea mdundo litakuwa limebaki katika jalada Kasulu.