Gari Linapokata Nguvu Kisha Likapona: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Madereva wa Burat



Nimeombwa niseme juu ya ugonjwa mmoja wa gari la gia za mkono. Dereva akanyaga mafuta, gari halivuti; baada ya kitambo nguvu zarudi kana kwamba hapakuwa na neno. Ugonjwa huu ni mbaya kuliko ule wa kudumu, kwa kuwa ukifika gereji gari ni zima, na makanika anakutazama kama mwongo. Tena ukikushika katikati ya kulipita lori mlimani, haukupi nafasi ya kufikiri.

Yuko mwenzetu anayechukua vitunguu na nyanya za mashamba ya hapa Burat. Pikapu yake ni ya zamani, ya kabureta. Huku chini mjini Isiolo haikuwa na taabu, lakini akishika njia ya kupanda Subuiga na mzigo, ilikohoa na kuzama. Mwenye gari akasema, "Umeunguza klachi kwa kuikalia pedeli," akataka kumkata mshahara bei ya klachi mpya.

Basi swali la kwanza ni hili: injini inafanyaje wakati gari linapokataa? Ikiwa injini inapaza sauti na mizunguko yapanda, lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza, na mara nyingi utasikia harufu ya kuungua. Ikiwa injini yenyewe inazama pamoja na mwendo, klachi imeshika, msiisingizie. Mwaweza kujaribu penye barabara tupu: tia gia ya juu, mwendo uwe wa polepole, kisha kanyaga mafuta yote huku mkisikiliza. Msijaribu mara nyingi, maana klachi dhaifu mtaimaliza wenyewe.

Injini ya mwenzetu ilikuwa ikizama. Kwa hiyo klachi haikuwa na kesi.

Swali la pili ndilo watu hulisahau: nguvu zinarudi kwa sababu gani? Gari likipona baada ya kuzimwa dakika kumi, yawezekana taka ndani ya tangi zilivutwa zikaziba mdomo wa paipu, na injini ilipozimwa zikaanguka chini. Au koili ilipata moto, ikapoa. Au petroli iligeuka mvuke ndani ya paipu kwa joto, na joto la huku mnalijua. Filta ya hewa iliyojaa vumbi hupunguza nguvu pia, lakini haijisafishi yenyewe njiani, kwa hiyo sikuanzia hapo. Vilevile gusia mkono karibu na magurudumu; moja likiwa na moto kupita wenzake, breki inashika.

Mwenzetu alikuwa na dawa yake. Kila gari lilipokataa alimimina lita tano kutoka jerikeni, likapanda. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba anauza petroli. Nikamwambia: siku nyingine usimimine kitu. Zima injini, pasiwe na sigara karibu, fungua kifuniko cha tangi polepole, usikilize.

Akasikia hewa ikiingia kwa mluzi. Akafunga, akawasha, gari likapanda.

Kifuniko cha asili kilikuwa kimepotea, naye alikuwa ameziba kwa karatasi ya nailoni na kuikaza kwa mpira wa tyubu. Alifanya kazi safi mno! Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, pampu huvuta mpaka ikashindwa. Kwenye tambarare injini hunywa kidogo, na hewa iliyopenya ilitosha. Mlimani ilinywa zaidi, haikutosha. Hazikuwa zile lita tano zilizoponya, bali kule kufungua.

Magari ya siku hizi yana kompyuta. Taa ya injini ikiwaka, msikubali ifutwe kabla makanika hajaisoma namba ya kosa na kuiandika. Pedeli ya mafuta yenyewe hupeleka habari kwa umeme, nayo ikikosea, kompyuta hupunguza nguvu kwa makusudi.

Sasa juu ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Klachi kuchakaa si makusudi. Kwa hiyo wekeni daftari garini: saa, mahali, gia, mzigo, injini ililia au ilizama, na ni nini kilichorudisha nguvu. Mwenzetu alikwenda kwa mwenye gari na ukurasa mmoja wa namna hiyo, na ile nailoni mkononi. Kifuniko kipya chenye tundu la hewa kikanunuliwa, klachi haikufunguliwa, na mshahara haukukatwa.

Nimekwisha. Mwenye swali la dizeli aanze, maana hiyo sikuigusa.