Joto Lisilo na Jina: Kiangazi cha Ufipa na Msamiati wa Majira katika Kiswahili



Utangulizi

Mwezi wa Juni, mtoto wa Mwazye aendaye shule alfajiri huvaa sweta, na asiyekuwa nalo hujifunika khanga ya mama yake. Upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya uwanda wenye miti michache, midomo hupasuka, na majani ya njiani huwa baridi kama chuma. Nyumbani, wazee wakisema Kiswahili, huuita wakati huo kiangazi, kwa kuwa mvua zimekwisha na nyasi zimekauka. Darasani mtoto huyo huyo hukutana na maelezo yaliyozoeleka kwamba kiangazi ni majira ya jua kali na joto. Ama nyumbani wanakosea, ama kitabu kinakosea, ama neno moja linabeba mambo mawili yasiyofanana.

Mhadhara huu unashika jibu la tatu. Hoja yake ni kwamba msamiati wa majira katika Kiswahili Sanifu uliundwa na bahari, na kwamba uliposafiri kwenda bara ulibeba majina bila kubeba hali ya hewa iliyoyazaa. Matokeo yake ni kwamba joto la nyanda za juu, ambalo lina wakati wake, sababu zake na historia yake, halina jina linalotambulika. Jambo lisilo na jina ni vigumu kulikumbuka, na lisilokumbukwa ni vigumu kuwaonya watu juu yake.

Uwanda na jua lake

Mwazye ni kata ya Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, kusini mwa mji wa Sumbawanga, si mbali na mpaka wa Zambia. Upande wa magharibi ardhi hushuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye kimo cha mita 770 hivi. Upande wa mashariki hushuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, lenye kimo cha takriban mita 800. Kati ya mabonde hayo mawili umeinuka uwanda wa Ufipa, ambao sehemu zake nyingi hupita mita 1,500 na vilele vyake vya Mbizi hupita mita 2,000. Kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi 6 hadi 7 kila mtu apandapo mita 1,000, mkazi wa uwandani na mvuvi wa Kasanga huishi chini ya jua moja lakini si katika joto moja.

Jua hilo hupita utosini mara mbili kwa mwaka katika latitudo ya Ufipa: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Mara ya pili halisumbui, kwa sababu Februari ni kati ya mvua na mawingu huwa yametanda. Mara ya kwanza ndiyo yenye taabu. Oktoba ardhi imekaa miezi mitano bila mvua, nyasi zimechomwa, moshi umetanda angani, vijito vimepungua, na hakuna wingu la kukinga. Mvua ikija Novemba, joto hukatika kwa siku chache. Mvua ikichelewa, joto huendelea mpaka ije. Kwa hiyo joto la Ufipa ni joto la kungojea. Ukali wake hupimwa zaidi kwa urefu wa kungojea huko kuliko kwa nyuzi za kipimajoto, ambazo uwandani ni mara chache kufika 30.

Pwani mambo ni kinyume. Huko joto kubwa huja baada ya vuli, kati ya Desemba na Machi, pepo za kaskazi zinapovuma na hewa imejaa unyevu. Februari ya Dar es Salaam ni mwezi wa jasho. Februari ya Mwazye ni mwezi wa matope. Juni pwani ni mwanzo wa kipupwe; Juni ya Mwazye, kwa Kiswahili cha wenyeji, ni kiangazi.

Majina yaliyotoka baharini

Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na sababu nzuri ya kuyapa majira majina mengi. Kaskazi na kusi zilikuwa pepo za safari. Aliyekosea hesabu yake alilala ugenini miezi kadhaa. Masika na vuli zilikuwa mvua za shamba. Kipupwe na demani zilijaza nafasi zilizobaki. Kwa joto pekee kuna joto lenyewe, hari, fukuto, vukuto na harara, na kila neno lina kivuli chake cha maana: fukuto ni joto la hewa iliyosimama, na harara huweza pia kuwa vipele viotavyo mwilini kwa sababu ya joto hilo. Ni utajiri wa watu walioishi na unyevu.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, utajiri huo uliingia katika kamusi na vitabu vya shule. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lugha sanifu ilihitaji msingi, na msingi huo ulikuwa na hali yake ya hewa. Lakini neno kiangazi, lenye uhusiano na kuangaza, lilipofika bara lilishika maana ya ukavu tu: wakati usio na mvua, uwe wa baridi au wa jua. Ufipa wakati huo huanza Mei na kuishia Oktoba au Novemba, na ndani yake mna baridi kali kabisa ya mwaka na joto kali kabisa ya mwaka. Neno moja limefunika ncha mbili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeliona tatizo hili kwa upande wa mvua. Katika utabiri wake hutofautisha masika na vuli, kwa mikoa yenye mvua mara mbili, na msimu, yaani mvua za Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye mvua mara moja, Rukwa ikiwamo. Jambo la kupendeza ni kwamba msimu nalo ni neno la baharini, kutoka Kiarabu mawsim, wakati maalumu wa safari za pepo. Neno la jahazi limekuwa jina la mvua ya mahindi na ulezi. Hili linaonyesha kwamba lugha huweza kurekebishwa ikipatikana haja na nia. Kwa upande wa joto, hatua kama hiyo haijafikiwa.

Miaka ikumbukwayo

Mtafiti akimwuliza bibi wa Ufipa kuhusu miaka ya joto kubwa, kuna uwezekano mkubwa asijibiwe kwa joto. Atajibiwa kwa nzige, kwa njaa, kwa kisima kilichokauka, kwa ng'ombe waliokufa. Hii si kasoro ya kumbukumbu. Joto halikuja peke yake, na mwenzake ndiye aliyeacha alama.

Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walienea sehemu kubwa ya Afrika ya kusini na mashariki, na mbuga za Ziwa Rukwa zilitambulika kuwa mojawapo ya mazalio yao makuu. Ziwa hilo halina mto wa kutoka. Miaka ya jua kali na mvua haba maji yake hurudi nyuma sana na kuacha nyika za majani. Mwaka 1949 shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu liliundwa, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka. Mwaka huohuo wa 1949 ukame na njaa viliikumba Nyasaland na sehemu za Tanganyika. Katika miaka ya 1973 hadi 1975 upungufu wa mvua uliambatana na kuhamishiwa watu katika vijiji, na wengi huukumbuka uhamisho kuliko jua. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya mabwawa, na mijini ukakumbukwa kuwa mwaka wa mgawo wa umeme. Msimu wa 2023/24, chini ya El Niño, mvua zilikatika katika nchi jirani ya Zambia hata rais wake akatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Mwaka huo wa 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani.

Katika orodha hii yote joto ni shahidi asiyeitwa. Ughaibuni limekwisha kuitwa. Huko Chicago, Julai 1995, siku chache za joto ziliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokaa peke yao nyuma ya madirisha yaliyofungwa. Ulaya, katika kiangazi cha 2003, vifo vya ziada vilikadiriwa kupita 70,000. Idadi hizo hazikuonekana kwa macho. Zilipatikana kwa kulinganisha vifo vilivyoandikishwa na vile vya miaka ya kawaida. Pale ambapo mzee hufia nyumbani na kifo chake hakifiki kwenye daftari, ulinganisho huo hauwezekani. Husemwa ni presha, ni homa, ni uzee, ni kazi ya Mungu. Huenda yote ni kweli, na joto likawa limesaidia. Lakini halimo katika maneno ya matanga, wala katika takwimu za wilaya.

Hekima iliyomo katika kazi

Haifai kudhani kwamba asiyelipa joto jina hakulifahamu. Maarifa ya Wafipa kuhusu joto yamehifadhiwa katika mpangilio wa kazi. Mfano ulio wazi ni kilimo cha ntumba, yaani vichuguu vya mboji. Mkulima hukata majani na kuyafunika kwa udongo mvua zikiwa bado zinanyesha, ardhi ikiwa laini. Majani huoza ndani ya kichuguu, na maharage huweza kupandwa juu yake. Mvua mpya zikikaribia au kuanza, kichuguu hutawanywa na ulezi hupandwa. Maana yake ni kwamba kazi nzito ya kugeuza ardhi huondolewa katika jua la Oktoba na kuwekwa katika miezi ya ubaridi na unyevu. Huo ni mkakati wa kukabiliana na joto, ingawa haukuandikwa kwa jina hilo.

Uhunzi ulitumia kiangazi kwa namna nyingine. Wafipa walijenga tanuri ndefu za kuyeyushia chuma, ilungu, zilizosimama kupita kimo cha mtu na kuvuta hewa zenyewe bila mivuo. Kazi hiyo ilitaka kuni na mkaa mkavu, udongo usiolowa, na watu waliopumzika shambani. Ukavu uliowachosha wakulima uliwafaa wahunzi.

Nyumba nayo ilikuwa na hekima yake: ukuta mnene wa udongo na paa nene la nyasi, ambavyo huchelewesha joto mchana na kuhifadhi vuguvugu usiku wa Juni. Bati limeleta faida ambazo hakuna awezaye kuzidharau: halivuji, haliungui upesi, huvuna maji ya mvua. Lakini bati lisilo na dari huleta chumbani joto la saa nane mchana na baridi ya saa kumi alfajiri. Mama aliyejifungua Oktoba na mzee asiyeweza kwenda kukaa kivulini ndio wanaoijua gharama yake. Katika uwanda wenye miti haba, mwembe au mparachichi mmoja uani si pambo.

Jambo jingine linahusu malaria. Baridi ya uwandani imekuwa kinga, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo hukomaa polepole ndani ya mbu palipo na ubaridi. Joto likipanda hata kwa nyuzi chache, kinga hiyo hupungua, na watu wasiozoea ugonjwa ndio huumwa vibaya zaidi.

Wajibu wa lugha

Hivi karibuni istilahi wimbi la joto imeanza kuzoeleka redioni na magazetini. Ni tafsiri inayoeleweka, na pwani haina ubaya. Lakini wimbi huja na kupita. Joto la Ufipa halifanani na hilo. Ni joto linalokaa mpaka mvua iliondoe. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu hupata uchungu wake hapo, kwa maana katika miaka mibaya mawingu hukusanyika kila alasiri, watu wakainua macho, na jioni yakatawanyika. Mkulima akiambiwa wimbi linakuja, hana la kufanya. Akiambiwa kungojea kutakuwa kurefu mwaka huu, anajua aziweke mbegu, apunguze kazi za mchana, awape wazee maji, na asipande kwa mvua ya kwanza ya uongo.

Mapendekezo ya mhadhara huu ni matatu. Kwanza, kamusi zijazo zifafanue majira kwa mahali: kiangazi cha pwani na kiangazi cha bara zipewe maana mbili zenye namba zake. Pili, majina ya majira katika Kifipa, Kilungu na lugha nyingine za nyanda za juu yakusanywe kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuzaa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba kazi ya namna hiyo inawezekana. Tatu, wanafunzi wa Rukwa watumwe kuwauliza babu na bibi zao si juu ya njaa na nzige tu, bali pia juu ya siku zenyewe: maji yalitoka wapi, nani alilala nje, mvua ilifika tarehe ngapi.

Hitimisho

Mtoto wa Mwazye aliyevaa sweta Juni hakukosea, wala nyumbani kwao hawakukosea. Mtoto huyo, Oktoba ifikapo, hurudi kutoka shule saa nane mchana barabarani pasipo kivuli, akiwa na kitabu ambacho hakijalitaja joto analotembea ndani yake. Kiswahili kiliwahi kuwapa mabaharia majina ya kila upepo ili wasipotee. Kina deni la namna hiyo kwa watu wa uwandani, na deni hilo lilipwe wakati wangali wapo wazee wa kuulizwa.