Kauboi wa Houston na watoto wetu wa Kadutu

Maneno tuliyowaambia wazazi kwenye mkutano wa mutuelle

Hatutawachelewesha, tunajua wengine wameacha meza zao sokoni.

Tumekuja sababu ya ile video. Ndugu zetu wa kambini, wenye walipata kwenda Marekani, walihudhuria rodeo ya Houston, kule Texas, wakatuma picha. Sasa imezunguka kwenye simu za vijana wote. Kijana amekaa juu ya ng'ombe dume mwenye hasira, mkono mmoja umeshika kamba, mwengine uko hewani. Ule wa hewani ukigusa ng'ombe, amepoteza. Anatakiwa akae sekunde 8. Na nusu ya alama ni za ng'ombe! Mzee mmoja wa kutoka Kabare alicheka sana: ng'ombe wake wote walikufa bila kupewa hata alama moja.

Sikukuu ile ilianza mwaka 1932. Lakini kauboi yeye ni mchungaji tu. Kazi ile Wamarekani waliifunzwa na wachungaji wa Mexico, na watu weusi wengi walikuwa wanaifanya. Bill Pickett, mtu mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870, alikuwa anaruka toka juu ya farasi, anashika ng'ombe pembe, anamuangusha kwa kumuuma mdomo. Mara nyingine ilibidi ajifanye Muhindi wa Amerika ndipo wakubali aingie uwanjani. Hiyo filamu haikutuonyesha.

Wazazi wanatuuliza: watoto wanajiita Texas, wanatembea kikundi, si watakuwa maibobo? Tunajibu kwamba jambo hili si jipya hapa Congo. Miaka ya 1950, kule Léopoldville, vijana waliona filamu za kauboi wakajiita Bills, sababu ya Buffalo Bill. Walivaa jeans na foulard shingoni, mitaa wakaipa majina kama Texas na Dallas. Wakatengeneza na luga yao, Hindubill, Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na maneno mengine, mkubwa asisikie kitu. Masomo yalikuwa haba, kazi haba, na mkoloni aliwaona kama takataka. Tusiwapake sukari: walipigana, na wasichana waliteseka sana mikononi mwao. Tarehe 4 Januari 1959, mji ulipolipuka, nao walikuwa barabarani.

Padri mmoja wa Scheut, Joseph de Laet, alienda kukaa nao kule Ngiri-Ngiri. Alijifunza Hindubill, nao wakamuita Père Buffalo. Sisi tunaona hapo ndipo kazi ilianzia: alisikia kwanza wanasema nini.

Na wetu wanasema nini? Tuliketi nao. Wengi walikulia kambini, upande wa Kigoma. Wanasema Kiswahili cha Tanzania, na darasani wenzao wanawacheka kila wakifungua mdomo. Mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, wao walisoma bila hicho Kifaransa. Mmoja wa miaka 14 amerudishwa kukaa na watoto wa miaka 9. Kule walikuwa Wakongomani, hapa wanaitwa Watanzania. Basi wakachagua jina lenye hakuna mtu atawanyanganya. Tungekuwa wao, pengine nasi tungevaa kofia.

Kofia muwaachie. Kisu mfukoni, hapana, na hiyo tuliwaambia wazi. Wasichana wao wanaogopa kupita pale vijana wanasimama. Hiyo pia tuliisema mbele yao wote, na waliangalia chini.

Salle tumepata kwa Jumamosi asubuhi. Tutaanza na Kifaransa, kisha mpira. Wasichana wanaingia siku moja na wavulana, si siku yao peke. Kinachokosa ni walimu. Mwenye alisoma hata hadi 6ème, tafadhali abaki kidogo baada ya mkutano, tuandike jina lake.