Uvimbe Uzibao Mshipa Mkuu wa Kifua
Mwaka 1757 tabibu William Hunter, huko London, alieleza habari za mgonjwa ambaye mshipa mkuu urejeshao damu moyoni kutoka kichwani, shingoni na mikononi ulikuwa umebanwa na uvimbe wa ateri. Ilhali leo, aghalabu, kiubanacho ni saratani, hasa ya mapafu. Uso hufura, mishipa ya shingo hututumka, na mgonjwa hushindwa kulala chali kwa dhiki ya pumzi.

Si kila uvimbe wahitaji kisu, kwani saratani ya limfu huitikia dawa, na kijibomba cha waya huweza kuutanua mshipa upesi. Bali uvimbe wa tezi ya thaimasi, iwapo haujaenea mbali, waweza kuondolewa pamoja na sehemu ya mshipa wenyewe, kisha pengo likaungwa kwa mrija wa bandia au kwa utando uzungukao moyo. Na hapo umahiri wa mpasuaji na wa mtoa usingizi hudhihirika, maana damu itokayo ubongoni haizuiwi muda mrefu pasi na hatari, na dawa hupitishwa mguuni, njia ya mkononi ikiwa imeziba. Nami naona heshima kubwa yamstahiki pia mganga wa zahanati aitambuaye mapema alama hiyo ya uso kufura, akamhimiza mgonjwa aende hospitali kuu siku iyo hiyo.