Ndoo Moja ya Maji

Mafundi mlioacha saiti jioni hii kuja kunisikiliza:

Hapa mezani kuna koni mbili za chuma, kila moja kimo chake sentimita 30. Zimejazwa zege la karai moja: saruji ileile, mchanga uleule, maji yaleyale, kasoro kitu kimoja nitakachokitaja baadaye. Ya kwanza nainyanyua. Zege limesimama kama pilau lililopinduliwa kutoka bakulini. Limeshuka sentimita 3 tu. Fundi wa safu ya mbele ameshaguna, na najua anachowaza: ongeza maji.

Haya, tupige hesabu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 tumeutia lita 25. Tukiongeza ndoo ya lita 10, zege litalainika na vibarua watashukuru. Lakini tangu 1918, Duff Abrams alipochapisha majaribio yake huko Chicago, inajulikana kwamba nguvu ya zege hutegemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Saruji haiyamalizi maji yote hayo. Yanayobaki hukauka yakaacha vitundu, na theluthi ya nguvu, pengine zaidi, imekwenda na ile ndoo. Unyevu nao utapita humohumo kuzifuata nondo.

Kinachoniudhi ni kwamba zege lile halikupungukiwa maji. Chembe za saruji zikiloa huvutana zikashikana mabonge, na kila bonge hufungia maji ndani yake, kama uji uliokorogwa vibaya. Dawa ya kuyavunja mabonge hayo huitwa plastisaiza. Za zamani, zitokanazo na mabaki ya viwanda vya karatasi, huzipa chembe chaji ya aina moja, zikakimbiana. Zile zilizoibuka Japani miaka ya 1980 zina mikia mirefu: zikiigandia chembe, chembe hugeuka shokishoki, na nywele zake haziruhusu jirani kusogea. Bonge likivunjika, maji yaliyofungiwa yanatoka.

Dozi ni kama nusu lita kwa mfuko. Usimimine kwa macho! Ikizidi, kokoto huzama na maji huelea juu. Kwa somo la dozi, sukari ndiyo mwalimu mkali zaidi: gramu 25 kwa mfuko huchelewesha kuganda kwa saa kadhaa, muda ambao lori la zege lililokwama kwenye foleni lingeuhitaji; gramu 100, zege huenda lisigande kabisa. Nikiwa kijana tuliwahi kuchotea maji ya zege kwenye pipa lililokuwa na molasi. Kesho yake kidole changu kilizama kwenye jamvi.

Koni ya pili, basi. Hii ilitiwa plastisaiza wakati mkiketi. Nainyanyua; walio karibu, sogezeni viatu. Limeshuka sentimita 22. Michemraba ya mazege yote mawili tutaivunja maabara siku ya 28, saa tatu asubuhi.