Kushukuru Siku ya Kuzaliwa Bwana

Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Kuzaliwa Bwana, mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa. Mahali walipouzwa watu pakawa mahali pa kushukuru.

Na leo sikukuu yenyewe yageuzwa soko. Mapema kabla ya Desemba maduka yatuita: nguo mpya, viatu, mapambo. Hatuvilaumu, pilau ya sikukuu ni neema, na mtoto mwenye gauni jipya na afurahi. Lakini twaona jambo la kusikitisha: mzazi aliyekosa nguo mpya huwaficha watoto nyumbani, wasije kanisani wakachekwa. Mwingine hukopa dukani, na Januari ikifika hana fedha ya madaftari wala sare. Je, Yeye aliyelazwa horini angewaonea haya watoto hao?

Basi, waalimu, twawasihi mzipitie nyumba hizo kabla ya mkesha. Msipeleke sadaka tu. Waambieni kwamba nafasi yao ipo, tena mbele. Nasi wenye viatu vipya tutawapisha.