Fundisha Kabla Hujachelewa
(Mazungumzo na wakimbizi wanaoishi Ndera, Kigali)



Mimi nilizaliwa katika kambi ya Kiziba, iliyofunguliwa mwaka 1996. Nyanya yangu alisuka vikapu. Nilikimbilia masomo, sikukaa naye. Alipofariki aliniachia kikapu kimoja, na mpaka leo sijui kinaanzwaje.

Angalieni imigongo ya wilaya ya Kirehe, picha zinazotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ufundi huo ulikaribia kupotea. Akina mama wa Nyakarambi, wajane miongoni mwao, waliufufua kwa kufundishana.

Basi, mama unayejua kusuka, baba unayejua kuchonga au kupiga ngoma, jitolee jioni moja kila wiki. Hatuulizi cheti. Kutojua kusoma si kizuizi. Wewe lete sindano. Vijana watatafuta nyuzi za mkonge na majani. Anza na kitako cha kikapu, maana hapo ndipo mwanafunzi hukwama. Akikosea, mwache afumue, arudie.

Nawe kijana, kaa uulize.

Anayekubali anione kabla hatujatawanyika, niandike jina lake.